Chipu Yailinda Kadi, Nani Atamlinda Keshia?

Nimepewa kurasa chache, nami sitaki kuzipoteza kwa kulisifu jua kwamba linang'aa. Dukuduku langu ni moja, nalo liko pale pale mjini, kwenye kaunta ya kulipia ya duka kuu. Nasema hivi: mahali popote panapopokewa kadi ya benki, kisomakadi na kompyuta ya keshia viunganishwe, vizungumze vyenyewe kwa vyenyewe. Na mahali ambapo havijaunganishwa, keshia asikatwe mshahara kwa kosa ambalo mashine zingelizuia. Hayo ndiyo maoni yangu, na kuanzia hapa nayatetea.

Najua wapo watakaoguna. Watasema, "Huyu naye! Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu, kadi ya benki hana, ameyatoa wapi mambo haya?" Ni kweli sina kadi. Lakini asiye na gari si pia hugongwa na gari? Eldoret yetu imekuwa jiji rasmi tangu Agosti 2024, maduka makuu yamejaa kuanzia Uganda Road hadi mitaani, na ndugu zetu wengi wanapata riziki yao nyuma ya zile kaunta. Jambo likimgusa anayekulisha limekugusa na wewe.

Hebu kwanza tutazame kinachotendeka. Mteja anafika na kikapu chake. Keshia anachukua unga, sukari, sabuni na mafuta, anapitisha kila kitu mbele ya ule mwanga mwekundu, na kompyuta inajumlisha yenyewe bila kukosea hata senti. Mteja anatoa kadi. Sasa keshia anaiacha kompyuta iliyo na jumla tayari, anashika mashine nyingine ndogo ya benki, na anaandika jumla ile ile kwa kidole, tarakimu kwa tarakimu. Mteja anaingiza kadi na namba ya siri. Mashine inatafuta mtandao, inakubali, inatoa karatasi. Keshia anarudi kwenye kompyuta na kubonyeza kwamba mteja huyu amelipa kwa kadi. Kompyuta inaamini, kwa sababu haina njia ya kujua vingine.

Umeona? Mashine mbili zimekaa bega kwa bega juu ya kaunta moja, lakini hazisemezani, kama majirani waliogombania mpaka wa shamba. Ujumbe kati yao hupelekwa na kidole cha binadamu. Kidole hicho kimeamka saa kumi alfajiri, kimesimama tangu asubuhi, na nyuma ya mteja huyu kuna foleni ya watu kumi, mmoja wao akipiga kelele, "Madam, harakisha, matatu inaniacha!" Kuna ajabu gani siku moja kidole hicho kikiruka sifuri?

Kabla ya kuendelea, yafaa tuielewe hiyo kadi yenyewe, maana wengi tunaiona tu ikiingia na kutoka. Zamani kadi za benki zilikuwa na ukanda mweusi wa sumaku mgongoni. Ukanda ule ulikuwa kama jina lililoandikwa kwenye jalada la daftari: yeyote aliyeweza kulisoma aliweza pia kulinakili. Mwizi alihitaji kifaa kidogo tu cha kunyonya habari za ukanda, kisha akatengeneza kadi bandia. Ndiyo sababu chipu ikaja. Mfaransa Roland Moreno alisajili uvumbuzi wake wa kadi yenye chipu mwaka 1974, na kufikia mwisho wa mwaka 1992 kadi za benki nchini Ufaransa zilikuwa na chipu. Kampuni tatu za kadi, yaani Europay, Mastercard na Visa, zikaafikiana juu ya kanuni moja iitwayo EMV, jina lililotokana na herufi zao za kwanza, na mwaka 1999 zikaunda chombo cha kuisimamia. Faida ya kanuni moja ni kwamba kadi iliyotolewa Eldoret inaweza kusomwa Mombasa, Kampala au London. Kwetu Kenya, mabenki yaliyahama matumizi ya ukanda na kuingia kwenye chipu hasa katika miaka ya 2013 na 2014. Marekani yenyewe ilichelewa. Mwishoni mwa mwaka 2013, wezi waliiba habari za kadi zipatazo milioni 40 kutoka maduka ya Target, na ilipofika Oktoba 2015 kampuni za kadi zikageuza kanuni zao, hasara ya kadi bandia ikawa inamwangukia yule ambaye hajaingia kwenye chipu, awe benki au mwenye duka.

Chipu ni kile kibati cha rangi ya dhahabu, kidogo kuliko ukucha wa dole gumba. Nyuma yake mna kompyuta ndogo mno. Haina betri; inapata umeme kutoka kwenye kisomakadi pale inapoingizwa. Ndani yake mna siri ambayo haitoki nje hata siku moja. Sasa, kisomakadi kinajuaje kwamba kadi ni halali iwapo siri haitoki? Sisi Waswahili tuna jibu tayari, kwani ni mchezo wetu wa jioni. Kitendawili! Tega! Kila malipo yanapofanywa, kisomakadi hukitega kitendawili kipya: namba ya bahati nasibu, tarehe, na kiasi cha pesa. Chipu inavichanganya na siri yake, na kutoa jibu ambalo benki peke yake inaweza kulihakiki. Kesho kitendawili kitakuwa kingine na jibu lingine. Mwizi aliyelinakili jibu la jana hana kitu mkononi.

Ni ufundi wa kustaajabisha, nami naupigia makofi. Lakini tazama vizuri ndani ya kile kitendawili. Mna kiasi cha pesa. Kiasi hicho chipu imekipata wapi? Imeambiwa na kisomakadi. Kisomakadi kimeambiwa na nani? Na kidole cha keshia. Kwa hiyo chipu itaapa kwa siri yake yote kwamba mteja amekubali kulipa shilingi 645, hata kama vitu vilivyo kwenye mfuko vina thamani ya shilingi 6,450. Kiapo ni cha kweli, hesabu ni ya uongo. Chipu humkamata mwizi wa kadi, lakini haiwezi kuikamata sifuri iliyopotea njiani kati ya kompyuta na mashine. Tumeweka kufuli la chuma mlangoni, na dirisha tumelifunga kwa uzi.

Takwimu hizo sikuzitoa hewani. Shangazi yangu, ninayeishi kwake Langas, alikuwa keshia katika duka moja mjini ambalo sitalitaja. Jumamosi moja ya mwisho wa mwezi, mteja alinunua vitu vya shilingi 6,450. Shangazi aliandika 645 kwenye mashine ya benki. Mteja aliingiza namba ya siri bila kutazama kioo, mashine ikakubali, karatasi ikatoka, na mteja akaenda zake na mifuko minne. Kompyuta nayo ikaandika kwamba imelipwa 6,450 kwa kadi. Usiku, msimamizi alipolinganisha karatasi za benki na hesabu za kompyuta, pakawa na pengo la shilingi 5,805. Hakuna aliyesema shangazi ameiba. Walimwonyesha tu karatasi, wakamwambia zitakatwa kwenye mshahara: 2,900 mwezi huo na 2,905 mwezi uliofuata. Yeye ndiye aliyekuwa akinilipia pesa za chakula cha mchana hapa shuleni. Miezi hiyo miwili nilikuwa nikienda maktaba saa ya chakula, na ndivyo nilivyovisoma vitabu vingi vya Kiswahili. Sikuandika haya ili nihurumiwe. Nimeandika ili muone kwamba sifuri moja inaweza kutoka kwenye kaunta ya duka, ikapanda matatu, ikafika hadi kwenye sahani ya mtoto.

Alipolalamika, shangazi alijibiwa kwa methali: mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Methali ni tamu, hasa mdomoni mwa asiyechomwa. Lakini mimi nauliza, mwiba huu nani aliutega njiani? Anayemwambia mfanyakazi anakili tarakimu kwa mkono mara mia mbili kwa siku, mbele ya kompyuta ambayo tayari inazijua tarakimu zile, ndiye aliyepanda mchongoma kwenye mapito ya watu. Akidungwa mpita njia, tusimcheke. Tumwulize mwenye shamba.

Na sheria inasemaje? Kifungu cha 19 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinamruhusu mwajiri kukata mshahara wa mfanyakazi aliyekabidhiwa pesa kwa mkataba, endapo pesa zimepungua kwa sababu ya uzembe au udanganyifu wake. Pia kinaweka mpaka kwamba makato yote kwa jumla yasizidi theluthi mbili ya mshahara. Sikatai sheria. Mwizi akatwe, na mzembe aonywe. Lakini neno uzembe lina uzito wake. Mzembe ni yule aliyeacha kufanya alichopaswa kufanya ilhali aliweza. Kati ya keshia aliyechoka na mwenye duka ambaye angeweza kuunganisha mashine lakini akaona afadhali kukata mishahara, mzembe ni yupi? Mwenye kuamua kesi za namna hii afikirie swali hilo kwanza. Naona kwamba kukata mishahara kumekuwa bima ya bei nafuu kwa baadhi ya waajiri. Maadamu hasara inalipwa na keshia, mwenye duka hana sababu ya kununua suluhisho.

Suluhisho lenyewe si miujiza. Programu ya mauzo iliyomo kwenye kompyuta ya keshia iunganishwe na kisomakadi kwa waya au kwa mtandao wa ndani ya duka. Keshia akimaliza kupitisha bidhaa, anabonyeza neno "kadi" mara moja. Programu yenyewe inakipelekea kisomakadi ujumbe: dai shilingi 6,450, namba ya mauzo ni hii. Kisomakadi kinamwonyesha mteja kiasi hicho, kinaisoma chipu, kinapokea namba ya siri, kinazungumza na benki. Jibu likitoka, kinairudishia programu ujumbe: imekubaliwa au imekataliwa, kiasi ni hiki, namba ya kumbukumbu ya benki ni hii. Hapo tu ndipo programu inafunga mauzo na kutoa risiti moja. Hakuna mahali kidole kinapoandika jumla. Usiku hesabu za duka na za benki zinalinganishwa kwa namba ya kumbukumbu, mstari kwa mstari, wala hakuna haja ya kukaa hadi saa nne ukihesabu vikaratasi ambavyo wino wake umefifia.

Hapa rafiki yangu mmoja wa darasa la Kompyuta alinipinga, na alinipinga kwa hoja nzuri. Alisema, "Ukiunganisha, umeipa kompyuta ya duka siri za kadi za watu. Kompyuta zenyewe zimejaa virusi. Kesho namba za kadi zitauzwa kama njugu." Wasiwasi wake una msingi, kwani yale maafa ya Target yalitokea hivyo hivyo: wezi walipenyeza programu mbaya kwenye kompyuta za kulipia. Lakini kuunganisha si lazima kuwe kumwaga siri. Njia iliyo salama ni ile ambayo programu ya duka inapeleka kiasi tu na kupokea jibu tu. Namba kamili ya kadi, namba ya siri, na majibu ya vitendawili vyote hubaki ndani ya kisomakadi, yakafungwa kwa maandishi ya siri hadi benki. Kompyuta ya duka inaambulia labda tarakimu nne za mwisho za kadi, za kuchapa kwenye risiti. Ni kama barua anayopelekewa mzazi kwa mkono wa mtoto ikiwa imefungwa kwa lakiri: mtoto anajua ni barua, anajua imefika, lakini hakuisoma. Aidha, tangu mwaka 2019 tuna Sheria ya Ulinzi wa Data, inayomtaka mwenye kukusanya habari za watu akusanye zile anazozihitaji tu. Duka linahitaji kujua kama limelipwa. Halihitaji kujua zaidi.

Jambo la pili ambalo waandishi wa programu wasilipuuze ni kukatika kwa mtandao. Sote tunajua mtandao wetu na stima yetu. Tuseme benki imekubali malipo, kisha mtandao ukapotea kabla jibu halijafika kwenye kompyuta. Programu mbaya itadhani haijalipwa, na keshia ataambiwa adai tena. Mteja atakatwa mara mbili, na ugomvi utazuka pale kaunta. Programu nzuri haidai tena kwa pupa. Kwanza inauliza, "Yale mauzo namba fulani yaliishia wapi?" Yakiwa yalikubaliwa, inafunga mauzo. Yakiwa hayajulikani, inaomba yafutwe na pesa zirudishwe, ndipo ianze upya. Kwa hiyo kila mauzo sharti yawe na namba yake moja isiyorudiwa. Ninayaeleza haya kwa sababu kuunganisha vibaya kunaweza kuleta balaa kuliko kutounganisha. Haraka haraka haina baraka, na kwenye pesa za watu haina hata radhi.

Mtu akiniambia kwamba mambo haya ni ya Ulaya, nitamwonyesha mifano miwili iliyo mlangoni petu. Wa kwanza ni ushuru. Tangu mwaka 2023, KRA imekuwa na mfumo wa eTIMS, ambapo programu ya mauzo inaweza kuunganishwa na kupeleka habari za ankara moja kwa moja kwa mtoza ushuru. Maduka makubwa yamefanya hivyo. Basi mbona kompyuta iweze kuzungumza na KRA kule Nairobi, ishindwe kuzungumza na mashine iliyo sentimita 30 kutoka ilipo? Tukitaka tunaweza, serikali ilipodai, iliwezekana.

Wa pili ni M-Pesa. Huduma hii ilianza mwaka 2007 kwa kutumiana pesa, kisha mwaka 2013 ikaja Lipa na M-Pesa ya kulipia madukani. Mwanzoni keshia alitazama ujumbe kwenye simu ya mteja na kuamini, na matapeli wakajua kughushi ujumbe. Baadaye Safaricom ikawafungulia waandishi wa programu njia ya kuunganisha mifumo yao na M-Pesa. Siku hizi katika maduka mengi, kompyuta ya duka inaipelekea simu yako ombi la kiasi kamili, wewe unaweka namba ya siri tu, na jibu linarudi kwenye kompyuta. Na mnajua njia hiyo, iliyozinduliwa mwaka 2017, imepewa jina gani? Daraja! Wenzangu wa Chama cha Kiswahili, jina hilo linatosha kuwa hoja. Simu imejengewa daraja, kadi bado inavushwa mto mabegani mwa keshia.

Lakini kuna funzo lingine chungu ambalo lazima tulikumbuke, tusije tukadhani kila penye kadi pana maendeleo. Mwaka 2013 benki ya Equity pamoja na Google walileta kadi ya BebaPay ya kulipia nauli. Abiria aliigusisha tu kwenye simu ya makanga. Serikali nayo ikaagiza kwamba kuanzia tarehe 1 Julai 2014 nauli za matatu zilipwe bila pesa taslimu. Kukawa na kadi za kampuni hii na za kampuni ile. Tarehe ikasogezwa, amri ikapoa, na mwaka 2015 BebaPay ikafungwa. Leo ukipanda matatu ya kwenda Huruma au Kapsoya unalipa kwa noti, kwa sarafu, au unamtumia makanga kwa simu.

Kwa nini mpango ule ulianguka? Kwa maoni yangu, kwanza kadi zilikuwa nyingi na hazikufuata mlango mmoja, kila kampuni na kadi yake na kisomaji chake. Abiria gani atabeba kadi nne mfukoni ili apande gari lolote linalotokea? Pili, makanga na dereva waliozoea kununua mafuta, chakula na vipuri kwa pesa za siku hawakuulizwa wataishi vipi. Walioketi mezani kupanga hawakuwa wale wanaosimama mlangoni mwa gari. Ndiyo sababu mimi sisemi serikali itoe amri kesho asubuhi. Nasema mambo mawili yaliyokosekana kwenye matatu yawepo kwenye maduka: kanuni moja ya kuunganisha, ili programu iliyoandikwa mara moja iweze kuzungumza na kisomakadi cha benki yoyote, na keshia mwenyewe aulizwe kabla ya kupanga. Kanuni ya EMV ilifanya kadi ya benki moja isomwe na mashine ya benki nyingine. Kati ya mashine na programu ya duka, umoja kama huo bado twauhitaji, maana duka likibadili benki lisilazimike kuandikiwa programu upya.

Nirudi kwa wanaopinga. Mwenye duka dogo atasema gharama ni kubwa. Namwelewa. Muuza mboga pale sokoni hahitaji hata kisomakadi, seuze kukiunganisha. Simu yake inamtosha. Ninayemlenga ni mwenye kaunta sita na kompyuta sita, ambaye programu ameshainunua na kisomakadi ameshapewa na benki. Kilichobaki ni daraja. Na mabenki yasaidie: yawape waandishi wa programu wa hapa kwetu maelezo yaliyo wazi na vifaa vya majaribio kwa bei ya haki, badala ya kuyafungia kwa kampuni chache kubwa. Eldoret ina Chuo Kikuu cha Moi na vyuo vingine tele. Vijana wa kuandika programu tunao.

Mwingine atasema, "Ukiunganisha kila kitu, utawafukuza makeshia kazini." Hoja hii naiogopa kidogo, sitaficha. Lakini daraja ninalolitetea halimwondoi keshia. Bado yeye ndiye anayempokea mteja, anayemsaidia mzee asiyeona vizuri, anayegundua kwamba bei ya maziwa imewekwa vibaya. Linamwondolea ile kazi ya kunakili tarakimu, ambayo haimpi heshima wala malipo ya ziada, ila inampa makato. Kazi hiyo ikifa, sitailia matanga.

Kisha kuna lugha, na hapa nisipoguswa mimi mwanachama wa Chama cha Kiswahili ataguswa nani? Mashine nyingi za kadi ambazo nimewahi kuzitazama humwamrisha mteja kwa Kiingereza. Nyanya anaambiwa asiondoe kadi, yeye anaiondoa. Anaulizwa kama kiasi ni sahihi, yeye anabonyeza kijani kwa sababu ameambiwa kijani ni kizuri. Lile ndilo lango la mwisho la kulinasa kosa, nalo tumeliandika kwa lugha ambayo mpita lango wengine hawaisomi. Kiswahili ni lugha ya taifa, na kwa Katiba ya 2010 ni lugha rasmi pia. Inagharimu nini kuandika, "Unalipa shilingi 6,450. Je, ni sawa?" Maneno matano tu na namba moja. Walimu wetu hutuambia kwamba Kiswahili kinaweza kueleza jambo lolote. Basi tukidai kiwekwe pale watu wanapopoteza pesa, si kwenye mashairi peke yake.

Nini tufanye sisi wanafunzi? Tusingoje kuwa wakubwa. Wenzetu wanaosoma Kompyuta huandaa mradi wa KCSE. Kila mara naona miradi ya maktaba na miradi ya hospitali. Nawapa changamoto: mmoja wenu aandike programu ya duka yenye kisomakadi cha kuigiza, inayopeleka kiasi, inayopokea jibu, na isiyochanganyikiwa mtandao ukikatika katikati. Haitaunganishwa na benki ya kweli, lakini mwenye kuielewa akiwa na miaka 17 ndiye atakayeijenga ya kweli akiwa na miaka 25. Sisi wa Chama cha Kiswahili tutamwandalia maneno ya kioo chake. Na sote, tukitumwa dukani na wazazi wetu kwa kadi zao, tutazame kiasi kilicho kwenye mashine kabla ya namba ya siri kuingizwa. Kikiwa kidogo kuliko haki, tuseme. Kukaa kimya ukidhani umeokota bahati ni kula mshahara wa mtu asiyekujua.

Kwa waajiri nasema kwa heshima zote: tengenezeni njia kabla hamjamlaumu aliyejikwaa. Kwa mabenki nasema: chipu mmeipa ulinzi wa hali ya juu, nasi twashukuru, sasa mpeni ulinzi na yule anayeishika. Na kwako keshia, ambaye pengine jarida hili limekufikia likiwa limebebwa na mwanao mkobani, weka nakala ya kila karatasi, uliza kila kato limetokana na nini, na usikubali kuitwa mzembe kabla hujaambiwa ni jambo gani uliloweza kulifanya ukaacha.

Kalamu naiweka chini, si kwa kuwa yamekwisha, bali mhariri ameninyooshea kidole. Mwenye maoni tofauti aniandikie katika toleo lijalo. Nitafurahi kushindwa kwa hoja, si kwa kelele.